Barua ya wazi kwa bodi za shule za Kisumu: kabla hamjatia sahihi mkataba wa sare

Kwa wenyeviti na wanachama wa bodi za usimamizi wa shule za umma katika Kaunti ya Kisumu, kwa walimu wakuu, na kwa idara ya ununuzi ya serikali ya kaunti.

Waheshimiwa, walimu wetu, na wazazi wenzangu mlio kwenye bodi,

Nawasalimu nyote. Nawaandikia nikiwa fundi cherehani na nikiwa mzazi, na nitaenda moja kwa moja kwenye haja yangu. Ninyi ndio mnaoamua rangi ya sketi, idadi ya marinda, nembo ya sweta na, mara nyingi, duka ambalo mzazi atanunua. Barua anayopewa mtoto wa kujiunga na Gredi ya 10 huwa na orodha ndefu ya nguo, na chini yake jina la muuzaji. Aliye na uwezo wa kumwelekeza mzazi anunue wapi ana uwezo pia wa kumuuliza muuzaji: nguo hizi zilishonwa wapi, na akina nani, kwa malipo gani, na maji yaliyotia kitambaa rangi yaliishia wapi? Ninaomba maswali hayo yaandikwe kwenye mkataba, na muuzaji asiyeweza kuyajibu asipewe kazi.

Wengi wenu mkisikia habari za haki za washonaji mnafikiria Bangladesh, au viwanda vya EPZ (maeneo ya viwanda vya kuuza nje) kule Athi River vilivyokuwa vikishonea Marekani kwa mpango wa AGOA, wa kuingiza bidhaa za Afrika huko bila ushuru, tangu mwaka 2000. Huko angalau mnunuzi wa ng'ambo hutuma mkaguzi, hata akiwa wa danganya toto. Sare ya shule haina mnunuzi wa ng'ambo. Inakatwa na kushonwa hapahapa kwetu, kwenye vyumba vya ghorofani mjini, nyuma ya maduka ya vitambaa, kwenye nyumba za kupanga za Manyatta na Nyalenda, na mkaguzi pekee inayempata ni mwalimu wa zamu anayeangalia kama sketi imefunika magoti.

Nimefanya kazi kwenye karakana ya namna hiyo kabla ya kuanza kushona kwangu. Sitaitaja. Mwenyewe hakuwa mbaya kuliko wenzake, na kumtaja yeye peke yake kutawapa wengine nafasi ya kujificha. Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kitambaa hutandazwa kwenye meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, kisha kisu cha umeme kinapita mara moja na kutoa mashati ya darasa zima. Vipande vinafungwa mafungu. Huyu anashona kola, yule anaunganisha mikono, mwingine anatia mifuko, mwingine yuko kwenye ovaloku, mashine ya kuzuia pindo zisifumuke, na wa mwisho anatia vifungo na kupiga pasi. Malipo ni kwa kipande. Ukishona kola, unalipwa kola, na hela ya kola moja haikufikishi stendi kutoka Kondele. Sindano ikivunjika inakatwa kwenye hesabu yako. Shati likirudishwa kwa sababu ofisi ilikosea vipimo, fundi ndiye anayefumua na kushona upya, na hiyo ya pili hailipwi. Zikifika zamu za sweta, ule uzi wa akriliki hutoa vumbi jepesi linaloelea chumba kizima. Jioni ukipenga kamasi unaona rangi ya shule.

Halafu kuna ile kauli ambayo kila fundi wa sare Kisumu anaijua: "Ngojeni kidogo, shule bado haijalipa." Pale shule yenyewe inapokusanya pesa za sare, au inapoagiza jezi za michezo na makoti ya maabara, mwenye zabuni anaisubiri shule, shule inasubiri pesa za wizara, na fundi anamsubiri mwenye zabuni. Kodi ya nyumba haimsubiri yeyote kati ya hao.

Sheria haiko kimya juu ya hili, na hapa ndipo ningependa wanasheria walio kwenye bodi wanisikilize. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema anayefanya kazi ya kipande alipwe mwisho wa mwezi kulingana na alichofanya, au kazi inapokamilika, kutegemea lipi linatangulia. Hakuna mahali kilipoandika "au shule ikishalipa". Sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na inasema kibarua akifanya kazi mfululizo hadi siku zikajumlika kuwa mwezi, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Kukata mshahara kwa ajili ya kitu kilichoharibika kunaruhusiwa pale mfanyakazi alipokiharibu kwa makusudi. Sindano ya cherehani huvunjika kwa sababu ni sindano.

Kama kuna anayedhani shule haina mamlaka ya kuingilia mambo ya mwajiri na mwajiriwa wake, asome Kifungu cha 227 cha Katiba. Kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki na wa wazi, na katika ibara yake ya pili kinaruhusu kuwaadhibu wazabuni waliokiuka vibaya sheria za ajira, sambamba na wakwepa kodi na wala rushwa. Watu wanaikumbuka ile ya kodi na wanadai cheti cha KRA, mamlaka ya kodi, kwenye kila zabuni. Hii ya ajira imeachwa ilale tangu mwaka 2010.

Jambo linaloninyima usingizi kuliko malipo ni mlango. Msimu wa sare unapokolea, kuanzia mitihani ya mwisho wa mwaka hadi wiki za kwanza za Januari, kazi huenda hadi usiku. Mwenye karakana anaogopa wizi wa vitambaa, na anaogopa kwamba fundi ataondoka na mashati mawili ndani ya mkoba. Basi grili inafungwa kwa kufuli kwa nje na mlinzi anakaa na ufunguo huko chini. Ndani mna pasi za umeme, nyaya za kuungaunga, marobota ya poliesta hadi darini, na madirisha ya nondo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakataza jambo hilo waziwazi: watu wakiwa ndani, mlango usifungwe kwa namna ambayo hawawezi kuufungua mara moja kutoka ndani.

Tarehe 11 Septemba 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises huko Karachi, Pakistan, kilishika moto. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa. Walikufa watu zaidi ya 250. Na wiki chache tu kabla ya siku hiyo kiwanda kilikuwa kimepewa SA8000, cheti cha kimataifa cha kuthibitisha kwamba mfanyakazi anatendewa haki na yuko salama. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa. Washonaji waliamriwa warudi kwenye mashine zao.

Nimeyaleta haya ili bodi zisije zikaridhika na karatasi. Najua jinsi mambo yetu yanavyokwenda: tukisema viwango, kesho kila mzabuni atakuwa na cheti kizuri chenye muhuri wa bluu. Kilichobadilisha hali Bangladesh baada ya Rana Plaza ni mkataba wenye nguvu za kisheria kati ya kampuni zinazonunua nguo na vyama vya wafanyakazi, uliotiwa sahihi mwezi Mei 2013, ambao ripoti zake za ukaguzi zilitangazwa hadharani, kiwanda kwa kiwanda, kila mtu asome. Uwazi huo ndio ulioleta milango ya dharura. Kabla ya hapo kampuni kubwa zilikuwa zikidai kwamba orodha ya viwanda vyao ni siri ya biashara. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani waliandamana mwishoni mwa miaka ya 1990 wakitaka kujua fulana zenye nembo za vyuo vyao zilishonwa wapi, na mwaka 2005 Nike ikaichapisha orodha yake. Haikufilisika. Kama Nike imeweza, mzabuni wa Kisumu mwenye karakana mbili ataweza pia, na karatasi yenye anwani za karakana hizo inaweza kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, pembeni ya ratiba ya mitihani.

Sasa niingie kwenye maji, maana kitambaa nacho kina safari yake kabla hakijafika kwetu. Mama yeyote aliyewahi kufua sweta mpya ya rangi ya damu ya mzee anajua beseni linavyogeuka. Hiyo ni rangi ambayo haikushika, na ni kidogo tu ya ile iliyokwisha kumwagwa kiwandani. Pamba hutiwa rangi kwa chumvi nyingi na magadi, na sehemu ya rangi haishiki kwenye nyuzi. Inatoka na maji ya kusuuzia. Poliesta inataka maji yenye moto wa karibu nyuzi 130 ndani ya mtungi wa shinikizo, pamoja na dawa za kuisaidia rangi iingie. Maji hayo yasiposafishwa, yanaingia mtoni yakiwa na rangi, yakiwa ya moto na yakiwa na chumvi. Mwanga wa jua haupenyi vizuri kwenye maji yenye rangi, na viumbe vinavyoishi humo vinakosa hewa.

Sisi watu wa Kisumu hatuhitaji kufundishwa habari ya maji machafu. Mto Kisat unapita eneo la viwanda na kuingia Ghuba ya Winam, ambayo ni ya kina kifupi na imebanwa, na magugu maji tumeishi nayo tangu miaka ya 1990. Ndugu zetu wa Nakuru wako pabaya zaidi: Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinacholetwa na Mto Njoro kinabaki ziwani, na ziwa hilo limo kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, tangu mwaka 1990. Sisemi kiwanda fulani ndicho kinachochafua. Nasema mnunuzi hajawahi kuuliza. Kitambaa kinachotiwa rangi hapa nchini kina kiwanda chenye jina, na kiwanda hicho kinatakiwa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kumwaga majitaka chini ya kanuni za ubora wa maji, au ruhusa ya kampuni ya majitaka kama kinamwaga kwenye mfereji wake. Kuomba nakala ya leseni hiyo na matokeo ya vipimo vya hivi karibuni ni kazi ya barua moja.

Kitambaa cha kutoka nje ni kigumu zaidi kukifuatilia. Kuna lebo inayoitwa OEKO-TEX Standard 100 ambayo wauzaji wakubwa huipenda kuionyesha. Ni lebo nzuri, ila mjue inapima nini: inapima kama kitambaa chenyewe kina kemikali zenye madhara kwa ngozi ya mvaaji. Haisemi neno juu ya mto ulio nyuma ya kiwanda wala juu ya mshahara wa aliyekuwa kwenye mtungi wa rangi. Ichukueni kwa ajili ya ngozi ya mtoto, na juu ya yale mengine mwendelee kuuliza.

Hapa naomba mnivumilie niseme la moyoni. Wazee wa mji huu wanaikumbuka Kicomi, kiwanda cha nguo kilichoajiri familia nzima nzima kabla hakijaanguka. Wakulima wa pamba wa Homa Bay na Busia waliachwa na pamba yao. Kule Eldoret, Rivatex ilifungwa, Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007, na ikazinduliwa upya mwaka 2019 ikiwa na mashine mpya. Shule za magharibi ya Kenya ni soko kubwa, na lina uhakika kila Januari. Bodi zikikubaliana kwamba zinataka kitambaa kilichofumwa na kutiwa rangi mahali wanapoweza kupafikia kwa matatu na kujionea mabwawa ya kusafishia maji, hilo peke yake litawapa wenye viwanda sababu ya kufanya mambo vizuri. Kusema "nunua Kenya" bila masharti hakutoshi. Kiwanda cha kwetu kinaweza kuchafua mto wa kwetu.

Najua mtakachonijibu: bei. Mtasema mzazi ameshalemewa, na haya yote yataongezwa kwenye shati. Mimi pia ni mzazi na najua sare ya mtoto wa bweni inavyokausha mfuko. Lakini tuitazame orodha yenu kwanza. Tai ya nini? Blezi ya nini kwenye joto la Kisumu? Suti ya michezo yenye rangi tatu na jina la shule mgongoni, ambayo haiwezi kupatikana popote isipokuwa duka lile moja? Kubadilisha rangi ya sare kwa sababu amekuja mwalimu mkuu mpya? Ondoeni viwili katika hivyo na nafasi ya kumlipa fundi vizuri itapatikana, na mzazi bado atabaki na chenji. Ruhusuni sketi na suruali za rangi ya kawaida zinunuliwe popote au zishonwe na fundi yeyote, shule iuze nembo tu. Wizara ya Elimu imekwisha kusema, tena si mara moja, kwamba mzazi asilazimishwe duka. Na kama kuna shule ambako muuzaji hurudisha "asante" mahali fulani kila Januari, hiyo asante nayo imo ndani ya bei ya shati. Haikutoka kwenye faida ya muuzaji. Ilitolewa kwenye kola, kwenye mikono na kwenye vifungo.

Jibu la pili mtakalonipa ni zito zaidi, na sina budi kulikubali kwa sehemu. Masharti mengi huwafukuza wadogo. Mama mwenye vyerehani viwili Kibuye hana ofisi ya kujaza fomu, na anayejua kujaza fomu ndiye yule mzabuni wa mkobani, asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano, anayeshinda zabuni kisha anamgawia mama huyohuyo kazi kwa nusu ya malipo. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na nafasi nyingi kati ya hizo zinapitia mikononi mwa watu wa mkobani. Kwa hiyo msitoe fomu moja kwa wote. Kwa mama wa Kibuye inatosha kwenda kumwona, kuhakikisha mlango wake unafunguka, na kumuuliza mabinti wanaomsaidia anawalipaje. Kwa mwenye karakana ya watu ishirini na zaidi, dai kamati ya usalama ambayo sheria inamtaka awe nayo, usajili wa mahali pa kazi, bima ya ajali kazini, makato ya NSSF (akiba ya uzeeni) na SHA (bima ya afya) yanayofika yanakokwenda. Swali la rangi na maji si la fundi hata kidogo, ni la aliyeleta kitambaa. Na kwa wote, sharti moja lisilo na msamaha: kazi isihamishiwe kwa mtu mwingine bila shule kuambiwa ni nani na yuko wapi.

Vipande vinavyobaki baada ya kukata nitavitaja kwa ufupi. Vingi ni poliesta, na vinachomwa nyuma ya majengo au kupelekwa jaani pamoja na takataka nyingine, ingawa tangu mwaka 2022 tuna sheria inayotaka taka zitenganishwe. Vikundi vya akina mama wanaojaza mito na kushona mifuko watavichukua bure. Mstari mmoja kwenye mkataba unatosha.

Upande wenu nao una deni. Msiagize sare mwezi wa Desemba mkazitaka wiki ya kwanza ya Januari, maana mkifanya hivyo ninyi ndio mnaoagiza kazi ya usiku. Idadi ya wanafunzi wa madarasa yanayoendelea mnaijua kuanzia muhula wa pili. Agizeni hizo mapema, mbakize za wanafunzi wapya tu. Lipeni malipo ya awali ya kununulia kitambaa pale sheria ya ununuzi inaporuhusu, na mwekeeni mzabuni tarehe ya kuwalipa mafundi isiyofungamana na tarehe ya ninyi kumlipa yeye. Kaunti nayo hununua sare za askari wake na mashuka ya hospitali. Ikianza yenyewe, shule zitakuwa na mfano wa kunakili, na wazabuni wale wale watakuta masharti yale yale kila mlango wanaobisha.

Pia wekeni namba ya simu. Iwe ya mjumbe mmoja wa bodi ambaye si rafiki wa muuzaji, ibandikwe ndani ya karakana kwa Kiswahili na Kidholuo, ili fundi anayefungiwa usiku au asiyelipwa awe na wa kumpigia bila kupoteza kazi kesho yake. Mkaguzi anayetangaza siku yake ya kuja hukuta sakafu imefagiwa, watoto wa shule wanaosaidia likizoni wamepelekwa nyumbani, na kufuli limetundikwa kwenye msumari.

Mikataba mingi ya sare za mwaka ujao hutiwa sahihi katika muhula wa tatu. Bodi itakayotaka kuona mambo yalivyo kabla ya hapo, mimi na mafundi wenzangu tuko tayari kuwapeleka kwenye karakana saa tatu za usiku, msimu ukiwa umekolea. Tuambieni siku, lakini muuzaji msimwambie.

Wenu katika kazi,

Fundi wa sare na mzazi,
Manyatta, Kisumu